Kufunga mzigo kwenye helikopta inayoelea: zoezi la watu wa chini na watu wa juu

Baba yangu alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Tulipokuwa wadogo alitusimulia kwamba mwenye winchi haoni ngamani, tumboni mwa meli. Anachokiona ni mikono ya mwenzake aliyesimama ukingoni, na mikono ikisema shusha, anashusha. Miaka mingi baadaye nilikuwa askari wa ugavi katika Jeshi la Marekani, nimepiga magoti juu ya boneti ya gari la kijeshi aina ya Humvee, na helikopta ya Black Hawk inanijia utosini. Rubani wake hakuniona hata kidogo. Hapo ndipo nilipomwelewa baba.

Mwongozo huu ni kwa vijana wetu wa Kiswahili walioko kwenye vikosi vya ardhini vya Marekani, ambao siku moja wataambiwa wiki ijayo kuna zoezi na kikosi cha helikopta. Kazi yenyewe ni hivi: helikopta haitui. Inaelea juu ya mzigo, askari aliye juu ya mzigo anapachika pete ya kamba kwenye ndoano iliyo tumboni mwake, anashuka, helikopta inanyanyua na kuondoka. Kufunga kwenyewe ni suala la sekunde chache. Kila kitakachokulinda katika sekunde hizo umekiandaa jana, ukiwa kwenye kimya, pamoja na watu ambao mkishaanza hamtaweza kusemezana nao.

Jeshi linabeba hivi kwa sababu barabara haipo au haingojeki. Tarehe 24 Februari 1991, siku ya kwanza ya mapigano ya ardhini katika vita vya Ghuba, Divisheni ya 101 ya Marekani iliruka kilomita 150 hivi ndani ya Iraki ikaanzisha kambi iliyoitwa Cobra. Magari na mizinga ilifika ikining'inia chini ya helikopta, na helikopta kubwa za Chinook zikaleta mafuta ili helikopta nyingine zijaze papo hapo na kusonga mbele. Kila mzigo uliofika pale ulikuwa umepita mikononi mwa askari wa ardhini aliyefunga kamba.

Hatua ya 1: Kaeni meza moja

Zoezi hili lina pande tatu: wenye mzigo, wenye helikopta na watakaopokea. Wakutanishe wote kabla hujagusa kamba. Nimeshiriki mazoezi ambayo rubani na mfungaji walionana kwa mara ya kwanza tayari mapanga ya helikopta yanazunguka, na sipendi mwanangu apitie hilo.

Jambo la kwanza mezani ni uzito. Pima kwa mizani, usikisie. Ndoano ya Black Hawk ya aina ya UH-60L imewekewa kikomo cha ratili 9,000, takriban kilo 4,080. Chinook ya CH-47 ina ndoano tatu, na ya katikati inafika ratili 26,000, takriban kilo 11,800. Lakini kikomo cha ndoano si ahadi ya helikopta. Joto likipanda, au mkiwa kwenye mwinuko, hewa inakuwa nyepesi na helikopta inabeba pungufu. Rubani ndiye anayepiga hesabu hiyo, na itakuwa sahihi tu kama uzito uliompa ni wa kweli. Nilimwona mwenzetu mmoja akipakia makasha mawili ya maji ya kunywa kwenye gari lililokwisha kupimwa, kwa nia njema kabisa, akiwafikiria watakaopokea. Sajini wetu alilirudisha gari kwenye mizani, na foleni nzima ikasubiri. Alifanya vizuri.

Jambo la pili ni upande wa kukimbilia. Helikopta ikipata hitilafu ikiwa juu yenu itaangukia au kutua upande mmoja, nanyi mtakimbilia upande wa pili. Upande upi, mwelewane mezani, na kila mtu aonyeshe kwa kidole mahali pa kukutania. Mengine ni masafa ya redio, mwelekeo ambao helikopta itaingilia, nani atatoa ishara, na nini kitafanyika redio zikikata.

Hatua ya 2: Uwanja

Kwa mzigo wa kuning'iniza tafuta eneo lenye kipenyo cha mita 100, lisilo na mteremko mkali. Kwa vizuizi vilivyo upande wa kuingilia na kutokea, tumia hesabu ya kumi kwa moja: mti wa mita 10 unataka mita 100 za nafasi. Kisha tembeeni mstari mmoja, bega kwa bega, mkiokota kila kitu chepesi: mifuko, mabati, maturubai, maboksi. Upepo wa mapanga hugeuza bati kuwa panga. Kama vumbi ni jingi, mwagieni maji au tafuteni sehemu yenye majani.

Hatua ya 3: Kamba na mzigo

Kuna seti mbili za kamba utakazokutana nazo. Ndogo ni ya ratili 10,000, kamba zake za nailoni zina rangi ya kijani cha jeshi na pete yake ya juu ni ya aluminiamu. Kubwa ni ya ratili 25,000, kamba ni nyeusi na pete ni ya chuma. Kila seti ina miguu minne, na kila mguu una kikomo chake: ratili 2,500 kwa ndogo, 6,250 kwa kubwa. Usichanganye miguu ya seti mbili, hata kama mmoja umepungua na muda umekwisha.

Mguu mmoja ni kamba juu na mnyororo chini. Mnyororo unapitishwa kwenye kishikio cha gari, unarudi, na pingili fulani inaingizwa kwenye ndoano ndogo ya kukamatia. Hapa ndipo penye siri ya mzigo kukaa sawasawa hewani. Kitabu cha mizigo kinataja pingili ya ngapi kwa kila gari na kila mguu, kwa sababu mbele na nyuma hazina uzito sawa. Hesabu kwa sauti, ukigusa kila pingili kwa kidole, na mwenzako ahesabu upya bila wewe kumtajia jibu. Pingili moja ikikosewa, gari litaning'inia limeinamisha pua, na mzigo uliokaa upande huanza kuyumba na kuzunguka helikopta inapoongeza mwendo.

Kwa gari kama Humvee: magurudumu ya mbele yanyooke, usukani ufungwe usigeuke, gia iwekwe huru na breki ya mkono ivutwe. Tangi la mafuta lisizidi robo tatu. Boneti, betri na vifuniko vyote vifungwe. Vioo na taa vibandikwe utepe wa gundi ili vikivunjika vipande visiruke. Na vioo vya pembeni vikunjwe.

Hilo la vioo nimeliweka peke yake kwa makusudi. Katika zoezi langu la kwanza nilisahau kukunja kimoja. Helikopta ilipoanza kuvuta ulegevu wa kamba, mguu wa mbele ulinasa kwenye kioo kile na gari likaanza kuinuka upande mmoja. Fundi wa helikopta, anayeruka nayo, aliona kupitia tundu la sakafu, akamwambia rubani ashushe. Kioo kilivunjika, hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo napita na mkono juu ya gari zima, kama mtu anayepapasa gizani, nikitafuta chochote kinachoweza kukamata kamba.

Dawa ya kamba kunasa ni uzi wa pamba unaokatika kwa nguvu ya ratili 80. Unaifunga miguu kwa pamoja mahali mbalimbali kwa uzi huu, ikae juu ya mzigo kwa nidhamu. Helikopta ikivuta, nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine na kila mguu unakwenda mahali pake. Usitumie kamba ya nailoni kwa kazi hii kwa kudhani imara ni bora. Hapa tunataka kitu kitakachokatika.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa mtu mwingine

Aliyefunga haruhusiwi kukagua. Mkaguzi awe na sifa, kwa kawaida amepitia shule ya Air Assault (ya mashambulizi kwa helikopta), ya Pathfinder (ya watangulizi wanaoandaa viwanja vya kutua) au kozi maalumu ya ukaguzi, na awe na cheo kisichopungua E-4, yaani ngazi ya koplo. Fomu ya ukaguzi ni DA 7382 na huandikwa nakala tatu: moja hubaki kwenye mzigo, moja anapewa rubani, moja inabaki na wenye mzigo.

Katika shule ya Air Assault ya kambi ya Fort Campbell mwanafunzi husimamishwa mbele ya mizigo minne. Kila mmoja umetiwa kasoro nne kwa makusudi, naye ana dakika mbili kwa mzigo, na lazima aone angalau tatu. Wengi hurudishwa vikosini kwa jaribio hili. Ukitaka kujiandaa, usikariri kasoro. Kariri njia ya kutembea: anzia pete ya juu, nati na pini inayoizuia isilegee, kisha mguu namba moja kutoka juu hadi chini, zunguka gari upande uleule kila mara, na mkono wako uguse kila unachokitazama. Jicho likichoka hudanganya, mkono hukataa.

Hatua ya 5: Zoezi kavu

Viongozi wenye haraka huiruka hatua hii, nami ningewaomba wasiifanyie ubahili wa muda. Mara ya kwanza fanyeni bila helikopta kabisa. Mtu mmoja asimame juu ya lori akining'iniza ndoano kwa kamba, timu ifanye kila kitu kwa mpangilio wake: kupanda, kupiga magoti, fimbo ya umeme (nitaieleza katika Hatua ya 6) kugusa ndoano, pete kuingia, kushuka, kukimbia. Rudieni hadi hakuna anayefikiria aweke mguu wapi.

Mara ya pili fanyeni na helikopta iliyotua na kuzimwa injini. Lala chini, tambaa hadi tumboni, ishike ile ndoano. Isukume, uone inavyofunga, usikie mlio wake inapojifunga. Fundi akuonyeshe jinsi ya kuifungua kwa mkono endapo umeme wa ndani utakufa. Mwulize yeye atakuwa wapi. Kwenye Chinook hulala kifudifudi kando ya tundu la sakafu, kichwa kikichungulia nje, na kutoka pale humwongoza rubani kwa maneno mafupi: mbele tatu, mbele mbili, mbele moja, simama. Huyo ndiye mwenye mikono ya ukingoni aliyekuwa akisemwa na baba. Mjue uso. Mjue jina.

Na zoezi kavu lisiishie kwenye mambo yakienda vizuri. Mmoja wenu apige kelele "injini!" katikati ya kazi, bila kutoa taarifa, na muone nani anakimbilia upande usio wake. Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza, watu wawili kati ya watatu waligongana.

Hatua ya 6: Kufunga

Vaeni kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, miwani ya vumbi, viziba masikio, glavu, na mikono ya shati ishushwe na kufungwa. Pete za vidoleni na saa zibaki mfukoni.

Timu yetu ilikuwa ya watu watatu: mtoa ishara mbele ya mzigo mahali rubani anapomwona, na wawili juu ya mzigo, mmoja ameshika pete na mwingine fimbo ya umeme.

Niieleze fimbo, maana wageni huiona kama pambo. Mapanga yanapokata hewa, hasa yenye vumbi au theluji, mwili wa helikopta hujaa umeme. Ikiwa angani umeme huo hauna njia ya kushuka. Ukiinua mkono ukagusa ndoano, njia unakuwa wewe, na pigo lake linatosha kukutupa chini kutoka juu ya mzigo. Chinook ina pigo kubwa kuliko Black Hawk. Kwa hiyo fimbo ya chuma yenye mpini usiopitisha umeme huunganishwa kwa waya na msumari mrefu uliopigiliwa ardhini, na mwenye fimbo ndiye anayegusa ndoano kwanza. Anaigusa na haachi. Fimbo ikiteleza, mwenye pete anaondoa mikono mara moja, anangoja igusane tena. Kabla helikopta haijafika, vuta waya uone kama kibano kimeshika na msumari haulegei. Kwenye mchanga mkavu upigilie hadi ufikie udongo wenye unyevu.

Helikopta ikikaribia, pigeni magoti, inamisheni vichwa, mshikamane na mzigo. Upepo wa Chinook unaweza kumwangusha mtu mzima aliyesimama. Ingojeni helikopta ije kwenu. Usisimame kuirukia ndoano, wala usinyooshe mkono hadi itulie. Mtoa ishara hunyoosha mikono yote miwili pembeni, viganja chini: elea hapo. Fimbo inagusa. Pete inaingia. Sasa ivute chini kwa nguvu, mara moja, kuhakikisha imejifunga. Wengi husahau kuivuta kwa sababu moyo tayari uko mbioni.

Shukeni upande mliokubaliana, msipite chini ya kamba, msizungushe kamba mkononi. Mkiwa mmetoka, rubani anapanda polepole. Kamba zinanyooka, nyuzi za pamba zinakatika kwa mlio mdogo usioweza kuusikia ila unaziona, na magurudumu yanaachana na ardhi moja moja. Mtoa ishara haondoi macho hadi mzigo umepita vizuizi.

Hatua ya 7: Mambo yakiharibika

Ishara ya kukatisha ni mikono kupishana juu ya kichwa, tena na tena. Yeyote anayeona hatari amwambie mtoa ishara, na mtoa ishara aitoe bila kuomba ruhusa. Kwenye timu niliyoiongoza, askari wa cheo cha chini kabisa alikatisha mara mbili kwa siku moja. Mara moja alikosea. Nilimshukuru mara zote mbili mbele ya wote, ili kesho yake asisite.

Rubani naye ana uwezo wa kuachia mzigo wakati wowote kuokoa helikopta. Kwa hiyo usiusindikize mzigo kwa kutembea chini yake, hata ukiwa futi moja tu kutoka ardhini.

Hatua ya 8: Usiku

Fanyeni mchana kwanza, timu ileile, mzigo uleule, kisha usiku. Marubani huvaa miwani ya kuonea gizani, na tochi moja nyeupe inawapofusha. Zikusanyeni tochi na simu zote. Vijiti vya mwanga viwekwe kwenye mzigo na kwa mtoa ishara, kwa rangi mlizokubaliana na rubani.

Hatua ya 9: Kupokea

Wapokeaji kaeni mbali hadi mzigo uguse ardhi na kamba zilegee. Rubani huachia kutoka ndani, na pete nzito huanguka juu ya mzigo. Ndiyo maana hakuna anayesogea mapema. Ndoano ikikataa kufunguka, timu inapanda kuifungua kwa mkono, na fimbo ya umeme inagusa kwanza kama kawaida. Baadaye kusanyeni kamba, zikung'uteni mchanga, mzianike kivulini. Jua huila nailoni taratibu, na mchanga uliobaki ndani huikata nyuzi kwa nyuzi.

Hatua ya 10: Badilishaneni nafasi

Baada ya zoezi kaeni tena, marubani, mafundi na watu wa kamba, kila mtu aseme alichokiona kutoka alipokuwa. Kisha ombeni jambo moja zaidi, kama ratiba inaruhusu: fundi wa helikopta apige magoti juu ya mzigo kwa mzunguko mmoja, na askari mmoja wa ardhini apande juu, alale mahali pa fundi.

Mimi nilipewa nafasi hiyo mara moja, kwenye Chinook. Nililala juu ya sakafu inayotetemeka, nikachungulia kwenye tundu. Chini kulikuwa na vumbi tupu, rangi ya kahawia inayozunguka. Likapasuka kidogo, nikaona boneti ya gari, kofia mbili zimeinama, na mkono mmoja wenye glavu umeinua pete. Fundi alikuwa ubavuni mwangu akisema kwenye kipaza sauti: mbele mbili, mbele moja, simama. Ule mkono haukutikisika.